Fuata Saa za Ng'ombe: Mwongozo wa Kuwafikia Wafugaji wa Usangu na Pawaga

Ukitoka Mbeya kwa barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, kama kilomita 80 hivi unafika Chimala. Shuka, unywe chai, utazame pande mbili. Kulia kwako kuna ukuta wa mlima, na juu yake inapanda ile njia ya kona hamsini na saba hadi Matamba, mlango wa Kitulo, ambako usiku wa Juni majani huamka na barafu. Kushoto kunashuka bonde la Usangu: vumbi, mpunga, miiba, na makundi ya ng'ombe yanayoonekana kwanza kama wingu jekundu kabla hujasikia kengele zao. Kutoka kiti kimoja cha mama ntilie unaona nchi ya koti na nchi ya kofia.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kushuka kushoto, au anayetoka Iringa kuelekea Pawaga na Idodi, kwa wafugaji wa nchi kavu. Huenda wewe ni mwandishi, mwanafunzi, mfanyabiashara wa ngozi, au fundi wa kufuma anayetafuta sufu. Njia ni moja kwa wote, na makosa yanayowarudisha watu mikono mitupu ni yaleyale.

Kwanza, jua kondoo unayemtafuta

Nimekutana na watu waliosafiri siku mbili kutafuta sufu Usangu. Nawaambia mapema: hakuna. Kondoo wa nchi hii ya joto, yule mwekundu wa Kimasai na yule mwenye kichwa cheusi, ana nywele fupi kama za mbuzi. Hakatwi manyoya. Amejengwa kwa jua na ukame, anahifadhi mafuta mkiani na matakoni, na yule mwekundu amesifika hata kwa watafiti kwa kustahimili minyoo ya tumbo inayoua kondoo wa kigeni. Mfugaji anamfuga kwa nyama, kwa mafuta, kwa tambiko, na kama akiba ndogo ya kuuza kabla hajagusa ng'ombe. Kwa Wamasai, mafuta ya kondoo yaliyoyeyushwa ni dawa na chakula cha mzazi.

Kondoo wa sufu anataka baridi na majani mafupi. Ndiyo maana katika miaka ya 1960 waliowaza sufu katika Nyanda za Juu Kusini walitazama juu, Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, wakapapangia ngano na kondoo wa sufu. Mpango haukuota mizizi. Leo shamba la serikali la huko linajulikana kwa ng'ombe wa maziwa, na sehemu kubwa ya uwanda ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ile ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu kwa maua yake. Ukihitaji kuona sufu ikisokotwa na kufumwa Afrika Mashariki, nenda Nanyuki, Kenya, kwenye kikundi cha wanawake kilichoanza 1977. Na ukiuliza njiani, tamka vizuri: sufu ni ya kondoo, sufi ni ya mti. Mimi niliwahi kupelekwa hadi chini ya msufi.

Ukishakubali hilo, safari yako inakuwa ya kweli. Unakwenda kwa watu wa ng'ombe, mbuzi na kondoo wa nywele, na wana mengi ya kukuonyesha.

Chagua mwezi

Huku mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Wakati huo usijaribu Usangu kwa gari. Udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi, ukilowa unashika tairi kama ugali unavyoshika mwiko. Mwaka mmoja niliona wingu likiwa mbali upande wa Madibira, nikajisemea litapita. Halikupita. Tulilala kwenye gari, na asubuhi tulikokotwa na maksai wanne waliotoka shambani, huku mwenye maksai akicheka hadi akakaa chini. Kosa lilikuwa langu, naye alikuwa ameshaniambia jana yake.

Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti. Njia ni kavu, maji bado yapo karibu na maboma, na watu wana nafasi ya kuzungumza. Kuanzia Septemba hadi mvua za kwanza, mifugo huhamishwa mbali kufuata maji na majani. Utakuta boma lina wazee, akina mama na ndama tu, vijana wako kambini umbali wa siku nzima. Ukienda miezi hiyo, panga siku za ziada.

Usidanganywe na hali ya hewa ya mjini. Iringa iko kwenye mita 1,600 hivi, na Julai utavaa sweta hadi saa nne asubuhi. Shuka Pawaga siku hiyohiyo na saa saba mchana utakuwa unatafuta kivuli cha mbuyu.

Pita milango yote

Nchi inaonekana wazi, lakini ina milango mingi. Anza halmashauri: Rujewa kwa upande wa Mbarali, Iringa kwa upande wa Pawaga na Idodi. Onana na afisa mifugo, eleza unachotafuta, omba barua. Kama kazi yako ni utafiti, kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kinatangulia barua zote. Ukifika kijijini, nenda ofisi ya mtendaji, saini kitabu cha wageni, kisha umwone mwenyekiti wa kitongoji. Kwa Wamasai, ulizia laigwanani, kiongozi wa kimila. Yeye akisema uende, umekwenda. Akinyamaza, barua ya wilaya haitakufungulia boma.

Mtendaji atakupa mtu wa kukusindikiza. Chagua mtu wa jamii unayoiendea, anayejulikana kwa jina la baba yake. Kijana wa mjini mwenye pikipiki nzuri atakufikisha haraka, na mtaishia kusimama nje ya ua mkibishana na mbwa. Mkubaliane malipo ya siku kabla ya kuondoka, mafuta ya bodaboda mbali na posho.

Jambo moja zito: jua mpaka wa hifadhi. Mwaka 2008 eneo la Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ikafikia zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na mgogoro wa vijiji na mipaka ukaendelea kwa miaka. Kigingi kinaweza kuwa kwenye kichaka usichokitilia maanani. Ukialikwa kambini kwa vijana, uliza mbele ya mtendaji kama kambi iko upande wa kijiji. Mgeni akikutwa ndani bila kibali atalipa faini arudi kwao. Mwenyeji wake atabaki na kesi.

Mzigo wa kubeba

Maji kwanza. Hesabu lita tano kwa mtu kwa siku, kwenye madumu mawili au zaidi, kwa sababu dumu moja likipasuka umebaki bila kitu. Usitegemee kisima cha boma. Katikati ya kiangazi ndoo moja ya maji pale imechimbwa mchangani kwenye korongo, imesubiriwa ijae, na imebebwa kichwani na mama.

Kwenye gari weka spea mbili za tairi, maana miiba ya huku inapenya, pampu, jeki pamoja na ubao wa kuwekea chini yake, sepeto na kamba. Jaza mafuta kabla hujaingia ndani: Igawa, Rujewa au Chimala kwa Usangu, Iringa mjini kwa upande mwingine. Beba pesa taslimu za noti ndogo. Mtandao upo vijijini na unapotea ukitoka kilomita chache, kwa hiyo pamoja na simu janja chukua kitochi kinachokaa na chaji siku nne.

Nguo: epuka bluu iliyokolea na nyeusi karibu na hifadhi. Mbung'o huzipenda rangi hizo, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Vaa mikono mirefu, viatu vya kufunika kidole, na ulale ndani ya chandarua. Usitembee usiku. Maeneo ya Idodi na Pawaga yanapakana na Ruaha, na tembo huingia mashambani giza likishashika.

Zawadi: sukari kilo mbili, majani ya chai, chumvi ya mifugo au magadi, na ugoro kwa wazee. Mpe mama wa boma sukari mkononi mwake. Usigawie watoto pipi wala sarafu. Utawafundisha kukimbilia magari.

Saa za ng'ombe

Hapa ndipo wageni wengi huharibu safari. Wanaamka Mbeya, wanakunywa chai, wanafika bomani saa sita mchana, wanamkuta bibi na mbwa, wanaandika kwamba wafugaji hawapatikani.

Ratiba ya boma hupangwa na tumbo la ng'ombe. Alfajiri, kabla jua halijatoka, akina mama wanakamua. Saa mbili au tatu mifugo inatoka. Mchana inanyweshwa, na kiangazi mahali pa kunyweshea panaweza kuwa mbali sana. Jioni saa kumi na moja na nusu makundi yanarudi, ndama wanaachiwa kwa mama zao, watu wanakamua tena. Baada ya hapo kuna moto, chakula, na mazungumzo.

Kwa hiyo fika saa kumi jioni. Salimia, weka mzigo, kaa unapoonyeshwa. Usianze kazi. Ng'ombe wakirudi, simama kando ya lango, upande usiozuia njia, na utazame. Mzee wa boma husimama pale kila siku. Hahesabu kwa kidole. Anatazama rangi na pembe zinavyopita, na kama kuna mmoja asiyekuwepo anajua kabla wa mwisho hajaingia. Jioni moja Usangu nilisimama karibu na mzee wa Kibarabaig, kundi likapita, vumbi likatua, akageuka kwa mwanawe akasema neno moja: rangi ya mtamba mmoja. Kijana hakubisha. Alichukua fimbo na tochi akarudi alikotoka. Mtamba aliletwa saa nne usiku akichechemea, mwiba kwatoni. Yale niliyojifunza jioni ile kuhusu ufugaji, ningeuliza maswali arobaini nisingeyapata.

Ukitaka kuzungumza na akina mama, nafasi yao ni asubuhi baada ya mifugo kutoka. Maziwa ni eneo lao: wao ndio wanaojua kilichokamuliwa, kilichobaki kwa ndama, kilichouzwa. Ukimwuliza baba habari ya maziwa atakujibu kwa adabu, na jibu litakuwa la kukisia.

Lala siku mbili angalau. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa siku ya tatu utapewa fimbo, na ukiipokea ukafuata ndama hata nusu saa, watu watakuzungumzia vizuri hadi kijiji cha pili.

Majina na salamu

Bonde hili lina Wasangu, wenye nchi na wenye historia ndefu ya ng'ombe tangu enzi za watemi wa Merere. Lina Wahehe na Wagogo. Lina Wamasai, Wabarabaig na Wasukuma waliokuja kufuata majani na maji kwa nyakati mbalimbali. Usiwaite wote "Wamasai" kwa kuona fimbo na lubega. Na acha neno "Mang'ati". Limezoeleka, hata ofisini, lakini asili yake ni Kimasai na maana yake ni adui. Mwite Mbarabaig au Mdatoga, utaona uso unavyofunguka.

Kiswahili kinatosha, ila neno moja la nyumbani linapunguza njia. Kwa Mhehe sema "Kamwene". Kwa Msukuma asubuhi, "Mwangaluka". Mwanamume wa Kimasai akikwambia "Supai", jibu "Ipa". Mwanamke akisalimiwa "Takwenya", hujibu "Iko". Watoto wa Kimasai watakuinamishia kichwa: gusa utosi kwa kiganja, usitafute mkono wa kushika. Kwa mzee yeyote, shikamoo haijawahi kukosea.

Kamera ibaki begini siku ya kwanza. Mama wa Kibarabaig aliyevaa gauni la ngozi amevaa vazi la heshima ya ndoa; usiombe kulinunua, na usilishike kutazama mshono.

Maswali ya kuacha, na ya kuuliza

Usiulize idadi ya mifugo. Ni sawa na kumwuliza mtu benki kuna kiasi gani mbele ya jirani zake. Huku swali hilo lina uchungu zaidi. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji wengi Usangu na kwenye kinamasi chake cha Ihefu kwa hoja ya kuokoa maji ya Ruaha Mkuu, mto ambao tangu miaka ya mwanzo ya 1990 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi, na ambao hulisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Watu na ng'ombe walisafirishwa hadi Lindi na Pwani. Mifugo mingi ilifia njiani au iliuzwa kwa bei ya kutupa. Wengine walilaumu mashamba ya mpunga yanayofungulia maji mwaka mzima, na ubishi huo haujaisha. Mgeni mwenye daftari anayeuliza idadi anafanana na wale waliokuja kabla ya malori.

Kwa hiyo anza na: "Mvua ziliwafikiaje mwaka huu?" "Malisho yako upande gani?" "Wanyama wazima?" Kisha yaache yatoke. Habari za Ihefu zitakuja zenyewe usiku, na zikija, sikiliza tu. Usitoe hukumu kati ya mfugaji, mkulima na hifadhi. Kesho utalala kwa mmoja wa hao wengine.

Kuhusu kondoo, uliza mambo ya mkononi: kwa nini wanachanganya mwekundu na doropa wa kigeni, yupi hufa kwanza mvua zikizidi, alama za masikio ni za ukoo gani. Uliza pia habari za simba. Karibu na Ruaha, kijana wa Kibarabaig aliyeua simba alipewa ng'ombe na jamaa zake kwa kuwalindia zizi. Tangu 2009 mradi wa utafiti wa wanyama wanaokula nyama umefanya kazi na vijiji hivi, mojawapo ya njia ikiwa kuimarisha mazizi kwa waya. Uliza zizi la waya linafaa nini na linashindwa wapi. Ni swali ambalo kila mtu ana jibu.

Maziwa, na kununua

Utaletewa kibuyu. Kimesafishwa kwa kijinga cha mti wenye harufu nzuri, na maziwa yake yana vumbi jeusi la mkaa na ladha ya moshi. Kukataa kwa kutikisa kichwa ni tusi dogo. Lakini maziwa mabichi yanaweza kuleta brusela, homa inayojirudia kwa miezi. Pokea kwa mikono miwili, shukuru, sema daktari amekuagiza yaliyochemshwa, omba chai ya maziwa. Wafugaji wanaelewa masharti ya dawa. Nao wanayo yao.

Ukitaka kununua mnyama, nenda mnadani. Uliza siku kijijini, maana mnada huzunguka. Bei hupanda na kushuka kwa saa: asubuhi muuzaji hana haraka, alasiri anakumbuka njia ya kurudi. Usinunue mnyama njiani, hata kwa bei nzuri. Pata stakabadhi, na kibali cha kusafirisha kutoka kwa afisa mifugo kabla hujampakia. Mnyama asiye na karatasi huhesabiwa wa wizi kwenye kizuizi cha kwanza, na utakayelala naye rumande ni dereva wako.

Kuaga

Usiondoke kimyakimya alfajiri. Aga kwa mzee jioni, kisha tena asubuhi kwa mama wa boma. Rudi kwa mtendaji umwambie umetoka salama, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa ukipotea.

Na kama ulipiga picha ukaahidi kuzileta, zioshe kwenye karatasi. Studio za Mbeya na Iringa zitakufanyia kwa siku moja. Mpe dereva wa basi dogo linalokwenda huko, ndani ya bahasha yenye jina la mtendaji. Kila boma lina hadithi ya mgeni aliyekuja, akala, akapiga picha, akaahidi, akapotea. Anayekuja baada yako atalipia ahadi yako. Zitume.